Daftari la Mama Ndani ya Kisomeo

Nilifundisha shule ya msingi hapa Amu, yaani Lamu, miaka 31, na miaka yote hiyo nilipigana na lugha ya mamangu kwa kalamu nyekundu. Mtoto akiandika "mato", napiga mstari, naandika "macho". Akiandika "mtele", naandika "mchele". "Nti" ikawa "nchi", "yua" likawa "jua", "ndia" ikawa "njia". Watoto wenyewe ni wa Mkomani na Langoni, mama zao nawajua, na mimi nikitoka darasani nikifika kwangu nasema mato na mtele kama jirani yeyote. Mtihani ulitaka sanifu, nami nilikuwa mtumwa wa mtihani.

Sasa nimestaafu. Kwenye kidaka cha ukutani, pale mama alipokuwa akiweka chetezo, pamekaa kisomeo, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, na ndani yake mna daftari tatu za tenzi zake, kwa Kiamu chake, lahaja yetu ya hapa, hakuna mstari mwekundu hata mmoja. Vijana huku huviita vyote Kindle hata kisipokuwa Kindle, kama mama zetu walivyoita kila sabuni ya unga Omo. Mimi nitasema kisomeo. Nimeulizwa mara nyingi namna nilivyofanya, na kila nikieleza kwa mdomo nasahau hatua moja, basi leo naandika.

Mgeni wa darini

Ghorofani kwangu nina vyumba viwili vya kukodisha wageni. Disemba moja alikuja mzee mmoja kutoka Tübingen. Nikamwita Mjerumani, akanirekebisha pale pale mlangoni, mzigo bado begani: yeye ni Mswabia. Nikadhani ni kabila la mbali. Kumbe Uswabia uko huko huko Ujerumani, kusini-magharibi, upande wa Stuttgart, na watu wake wana lahaja yao ambayo Mjerumani wa Berlin huisikiliza akikunja uso.

Adhuhuri, jua la dari linawaka, mimi simu yangu siioni kitu, yeye amekaa kwenye kiti cha kamba anasoma. Kifaa chake kilikuwa Tolino, kile ambacho maduka ya vitabu ya Ujerumani yalikitoa kwa pamoja mwaka 2013 ili Amazon, wenye Kindle, isiyameze. Alikinunua duka la vitabu la mjini kwake, na alilisema hilo kwa fahari ile ile ya mtu wa Amu anayekwambia kofia yake imeshonwa hapa hapa. Nikakishika. Maandishi meusi juu ya weupe wa karatasi, hayang'ai. Nikamwomba anisomee kidogo. Akanisomea mashairi ya Kiswabia. Mashairi ya lahaja, ndani ya mashine!

Akanieleza kuwa naye alikatazwa shuleni. Mwalimu wake alitaka Kijerumani sanifu tu. Nikajisikia vibaya, nikanyamaza, sikumwambia siku ile kuwa mimi ndiye mwalimu yule. Lakini kwao mambo yamegeuka: kuanzia mwaka 1999 hadi 2021 jimbo lao, Baden-Württemberg, lilijitangaza kwa maneno haya, "Tunaweza yote. Ila Kijerumani sanifu." Serikali yenyewe ndiyo iliyoyabandika! Ingawa hapo mzee alinuna kidogo, kwa sababu jimbo hilo liliunganishwa mwaka 1952 na ndani yake wamo watu wa Baden ambao si Waswabia na hawataki kuitwa hivyo. Nikamwambia hayo nayafahamu bila kufafanuliwa, mimi naishi kisiwa ambacho bado kinasimulia vita vya Shela na watu wa Pate kana kwamba vilipiganwa juzi.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni mguu. Kijerumani sanifu kina neno la wayo na neno jingine la mguu wote. Mswabia husema neno moja, Fuß, kuanzia kidoleni hadi nyongani, na wenzake humcheka. Nikamwambia aje kwetu, mguu ni mguu, hatacheka mtu.

Na kuna hili, ambalo lafaa kujulikana na kila mwenye kamusi ya Kiswahili nyumbani. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844, alizaliwa Derendingen mwaka 1810, kijiji ambacho leo ni mtaa wa Tübingen. Mswabia. Mwenzake katika misheni ya Rabai, Johannes Rebmann, alitoka Gerlingen, karibu na Stuttgart. Mswabia naye. Sarufi ya Kiswahili ya Krapf ilichapwa Tübingen mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mgeni wangu hakuwa akiyajua hayo. Nilimwambia mimi, kwenye dari yangu, na alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

Kuchagua kifaa

Hapa nitakwenda mbio kwa sababu madukani watakueleza. Taka kioo cha wino wa kielektroniki. Ndani yake mna vijipovu vidogo mno vyenye chembe nyeupe na nyeusi, umeme huzivuta hizi juu au zile, kisha zikatulia hapo bila kuhitaji umeme tena. Ndiyo maana betri hudumu wiki kadhaa: hutumika unapofungua ukurasa, na kwa taa na Wi-Fi. Zima Wi-Fi. Kwetu ambako stima hukatika ukiwa katikati ya kupiga pasi, hilo ni jambo kubwa. Tableti si kisomeo, hata muuzaji akiapa.

Tolino na Kobo, kisomeo cha kampuni nyingine, hufungua moja kwa moja faili za EPUB, aina ya faili ya vitabu vya kielektroniki. Kindle haifungui EPUB uliyoitia kwa waya. Itabidi uigeuze kwanza, au uipitishe kwenye huduma yao ya kutuma kwa intaneti, ambayo hukugeuzia. Ukipata kilichotumika, kiwashe, tazama kama kioo kina mistari isiyoondoka. Kioo cha wino kikivunjika ndani, juu waweza usione ufa wowote, lakini picha inabaki nusu. Changu cha kwanza nilikikalia kwenye mashua ya kwenda Shela. Sina wa kumlaumu.

Ukubwa wa inchi 6 watosha kwa tenzi. Kwa kurasa zilizopigwa picha hautoshi kabisa, na hapa ndipo wengi hukosea. Kamusi ile ya Krapf yapatikana bure kwenye intaneti kwa sababu haki zake zimekwisha zamani, lakini ni PDF ya picha za kurasa. Nilipoitia, herufi zilikuwa kama mchwa. PDF ya picha haikuzi herufi, hukuza ukurasa wote, nawe unabaki kuusukuma kulia na kushoto. Kilaze kisomeo upande, punguza pambizo kama kina uwezo huo, utasoma kwa taabu. Dawa hasa ni kuchapa maneno upya.

Kuchapa: hapa ndipo penye kazi

Usipige picha daftari ukadhani umemaliza. Ukitaka mamako mdogo mwenye mato mabovu akuze herufi hadi ziwe kama za bango, maneno lazima yachapwe.

Hatua ya kwanza kabla ya herufi yoyote: zima usahihishaji wa simu au kompyuta. Mimi sikuzima. Mtoto wa dadangu alinichapia beti arobaini kwa simu jioni moja, nikamshukuru nikampa halua, asubuhi nasoma naona mashine imekuwa mimi. Kila "nti" imekuwa "nchi". Kalamu yangu nyekundu ilikuwa imestaafu ikaingia ndani ya simu.

Na usidhani ni suala la ladha. Utazame ubeti huu wa mama:

Shika kalamu na hati
uketi yuu ya kiti
usome ya hini nti
na yua lisiyatua.

Utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani minane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinabeba kina cha utenzi wote. Sasa weka sanifu: hati, kiti, nchi. Kina kimevunjika. Ukisanifisha umebomoa, na msomaji atadhani mamangu ndiye asiyejua kutunga. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa sanifu, na sina ugomvi na uamuzi huo, nimekula mshahara wake. Lakini tenzi hizi zilikuwa na vina vyake kabla ya mkutano.

Hatua ya pili ni karatasi moja ya maamuzi. Hili nilifundishwa na mgeni. Kiswabia hakina tahajia moja iliyokubaliwa, kila mwandishi huandika anavyosikia. Akanionyesha neno moja katika vitabu viwili, limeandikwa namna mbili. Shauri lake: chagua moja, iandike ubavuni, usiiache. Basi kabla ya kuchapa niliandika karatasi hii: "yua" wala si "yuwa", lakini "uyuwe" nikaacha w kwa sababu mama aliiandika hivyo kila mahali, "mai" kwa maji, "moya", "zitu" kwa vitu, "ndoo" kwa njoo, na ile ndoo ya mai ikabaki ndoo, muktadha utasema. Kwa sauti zenye pumzi, kama p'aa yule mnyama asichanganywe na paa la nyumba, nilitumia ritifaa (') ya kawaida. Wataalamu wana herufi zenye mstari chini kwa ajili ya t mbili zetu, ya menoni na ya ufizini, lakini si kila kisomeo kina herufi hizo, na zikikosekana utapata kijisanduku kitupu. Kijisanduku kitupu katikati ya utenzi ni kama jino lililong'oka.

Daftari la tatu mama aliliandika kwa herufi za Kiarabu. Mengine nimeyahamisha kwa herufi za Kirumi, na kurasa mbili nimeziacha picha, kwa ajili ya mwandiko wake. Picha itie peke yake kwenye ukurasa, nyeusi na nyeupe, uikate pambizo kwanza.

Hatua ya tatu: soma kwa sauti mbele ya mtu anayezijua. Mimi nilimkalisha mamangu mdogo kwenye daka, magharibi karibu, nikisoma polepole. Alinisimamisha mara nyingi. Mara nyingine mama ndiye aliyekosea, mara nyingine mimi. Nilipofika utenzi mmoja aliomba nifunge daftari. Ule ulikuwa wa kumfunda bibi harusi, akasema huo haukutungiwa watu wa kusoma kwenye boti. Sikuuchapa. Kila nyumba ina zake, uliza kabla.

Kupanga beti zisikatike

Tumia programu yoyote ya kuandikia kwenye kompyuta, uhifadhi kama DOCX, aina ya faili ya Word. Siri ni moja nayo ni ya kitufe. Mwisho wa kila kipande bonyeza Shift na Enter pamoja. Mwisho wa ubeti bonyeza Enter peke yake. Kwa hivyo kompyuta itauona ubeti mzima kuwa aya moja yenye mistari minne. Ukibonyeza Enter kila mstari, itaona aya nne, na kisomeo kitakuwa na ruhusa ya kuacha kipande cha nne ukurasa wa pili, yatima.

Jina la kila utenzi ulitie mtindo wa kichwa cha kwanza, usilikuze tu kwa mkono. Kutokana na vichwa hivyo programu itakutengenezea yaliyomo, msomaji agonge jina aruke hapo.

Waandishi wa zamani waliweka vipande viwili viwili katika mstari mmoja. Inapendeza kwenye karatasi. Kwenye inchi 6, mtu akishakuza herufi, mstari wa mizani 16 hukatika popote. Nimeweka vinne chini kwa chini.

Kugeuza kuwa kitabu

Programu ni Calibre. Ni ya bure, aliianzisha Kovid Goyal mwaka 2006, na yafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu kama yangu. Pakua ukiwa na intaneti nzuri, baada ya hapo huihitaji tena.

Buruta DOCX yako ndani ya dirisha lake. Kisha gonga kitabu, uingie kwenye kuhariri maelezo: jina, mtungaji, picha ya jalada. Mtungaji weka jina la aliyetunga, si lako uliyechapa. Jalada langu ni picha ya mlango wa nyumba, na kwa kuwa kisomeo changu hakina rangi niliipiga asubuhi kivuli kikiwa kikali, nakshi zionekane.

Halafu kuna kisanduku cha lugha. Kwenye orodha ya kimataifa kila lugha ina alama ya herufi tatu. Kiswabia kina yake, swg. Inayofuata, wallahi, ni swh: Kiswahili. Sisi na wao tumekaa mlango kwa mlango na hatujui! Mzee alicheka mpaka akatoa miwani. Lakini mtaona tofauti: lahaja yake imepewa mlango wake mwenyewe, Kiamu hakina, kimo ndani ya swh pamoja na ndugu zake. Basi weka Kiswahili, na kwenye maelezo ya kitabu andika waziwazi "kwa Kiamu". Usiache lugha ikisoma Kiingereza, maana baadhi ya visomeo hukata maneno mwisho wa mstari kwa kufuata kanuni za lugha uliyotaja, na Kiswahili kilichokatwa Kiingereza hakisomeki.

Sasa gonga kugeuza, juu kulia chagua EPUB (wenye Kindle na waya, AZW3). Kwenye sehemu ya mwonekano tafuta kisanduku cha mitindo ya ziada, uandike mstari huu kama ulivyo:

p { page-break-inside: avoid; text-indent: 0; text-align: left; }

Maana yake: usiukate ubeti kati ya kurasa mbili, usisogeze mstari wa kwanza ndani, panga kushoto. Mtoto wa dadangu ndiye aliyenipa, na kwa hili nilimsamehe zile beti arobaini.

Mwisho wa kitabu niliweka faharasa ya maneno kwa wajukuu waliozaliwa Nairobi: mato ni macho, tini ni chini, mbee ni mbele. Sanifu ikae huko nyuma, kama mgeni aliyekaribishwa barazani.

Kufunga kazi, chomeka waya wa USB, kisomeo kitaonekana kama flashi, nakili faili. Daftari tatu zote, bila zile picha mbili, hazifiki uzito wa picha moja ya simu. Kwa sababu hiyo hata kwenye WhatsApp hupita, na asiye na kisomeo ataifungua kwa programu ya bure ya kusomea EPUB kwenye simu yake. Nakala moja iweke kwa ndugu aliye nje ya kisiwa. Daftari za karatasi usizitupe. Nimeona watu wakizitupa.

Chumvi, mchanga na mambo mengine

Kitie kwenye mfuko wa kitambaa kizito, si plastiki, plastiki hutoa jasho. Ukitoka pwani futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kuchomeka waya, tundu la chaja ndilo linaloliwa na chumvi kwanza. Nikitoka nacho hukilaza juu ya nguo katikati ya kikapu, si ubavuni, kwa sababu kwenye vichochoro vyetu punda hana adabu ya kupisha.

Mgeni yule aliondoka na nakala ya utenzi mmoja. Kabla ya hapo alitwaa fagio akafagia ngazi zangu zote, akieleza kuwa kwao kila nyumba ya wapangaji ina zamu ya wiki, na kibao huning'inizwa mlangoni kwa mwenye zamu. Nilimwacha afagie.

Ukigundua kosa baada ya kuchapa, na utaligundua, rekebisha kwenye DOCX, geuza tena, na kabla ya kunakili lifute lile la zamani kwenye kisomeo. Mimi nilisahau. Sasa mamangu mdogo ana vitabu viwili vyenye jina moja na mlango mmoja, na kila siku hufungua lile lenye kosa ubeti wa tatu, kisha huniita.